Figo Nyuma ya Ukuta

Baba yangu na wifi yangu waliishi ua mmoja pale Ilomba, Mbeya, na hawakuwahi kuonana. Kwetu Wanyakyusa mke wa mtoto humwogopa baba mkwe: hamtazami, hakai alipo, hatamki jina lake wala neno linalokaribiana na jina hilo. Jina la baba linakaribiana na neno letu la njia, kwa hiyo wifi alikuwa akisema "pale pa kupita". Baba naye, akirudi nyumbani, alianza kukohoa tangu kwenye migomba ili mwenzake apate nafasi ya kutokea mlango wa nyuma. Wamisionari walituhubiria kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati. Watu waliitikia amina, wakarudi nyumbani kuogopana.

Mimi nilikuwa katikati yao. Mama alikwisha kufariki. Kaka yangu, mume wa wifi, alikuwa Kusini kwenye migodi ya Johanesbagi. Basi chakula alichopika wifi nilikipeleka mimi, na maneno yao niliyabeba mimi.

"Mwambie baba mboga nimeiunguza kidogo, anisamehe."

Baba alionja, akafikiri. "Mwambie haikuungua. Imekasirika tu."

Nikirudi na jibu kama hilo wifi alijishika mdomo kwa mikono miwili, mabega yakitikisika, ili kicheko kisivuke uani. Walipendana, hao wawili. Nimetafuta neno jingine la kuandika hapa na sikulipata.

Nilikuwa nafanya kazi katika hospitali ya misheni, upande wa dawa. Kwanza kuosha chupa, halafu kuchemsha sindano, halafu, baada ya muda mrefu, kupima unga wa dawa kwenye mizani. Shule niliishia darasa la nne. Kiingereza nilijifunza kwenye vikaratasi vinavyofungwa pamoja na chupa za dawa, nikisaidiwa na kamusi isiyo na jalada niliyopewa na daktari. Nilijulikana kwa kuosha kitu kilichokwisha kuoshwa na kupima kitu kilichokwisha kupimwa. Wifi alikuwa akiniambia, "Wewe ukiolewa mumeo utamsugua mpaka abaki mifupa." Wengine waliniita msafi. Ukweli ni kwamba nilikuwa na woga kuliko wenzangu, na chupa zilikuwa mahali pa kuuweka woga huo.

Katikati ya miaka ya hamsini, mwezi wa saba, wifi alijifungua mtoto aliyekwisha kufa. Alitokwa na damu nyingi sana, hata daktari alipofaulu kuizuia alikuwa baridi kama kitambaa kilichoanikwa nje. Tulidhani hatari imepita. Lakini siku hiyo hakukojoa, wala kesho yake, wala kesho kutwa. Uso ulianza kuvimba. Alitapika, akawa analala katikati ya sentensi.

Daktari wetu alikuwa Mzungu, mwanamke wa makamo tuliyemwita Mama Daktari. Alimwita baba nje, kwenye baraza, nami nikasimama karibu kama kawaida yangu.

"Figo zake zimelala," alisema. "Damu ilipopungua, zilikosa chakula, zikalala."

"Zikilala, huamka?" baba aliuliza.

"Mara nyingine. Baada ya wiki mbili, au zaidi. Lakini uchafu wa mwili wake hautangoja wiki mbili. Utamwua kabla."

"Kwa hiyo kinatakiwa kitu cha kufanya kazi yao wakati zimelala."

"Ndiyo. Nilikiona kimoja Ulaya, baada ya vita."

"Na nchi hii kipo?"

"Hakipo."

Baba alitazama mikono yake. Alikuwa fundi wa mitambo katika mgodi wa dhahabu kule Chunya mpaka kazi ilipopungua wakampunguza naye. Pampu zote za mgodi huo wa Makongolosi zilikuwa zimepita mikononi mwake wakati mmoja au mwingine. Aliuliza kama anavyouliza mtu aliyeletewa kazi.

"Kinafananaje?"

Mama Daktari alichora kwa kijiti kwenye vumbi. Pipa la vipande vya mbao, limelazwa, linazunguka polepole ndani ya hodhi la maji ya vuguvugu yenye chumvi. Juu ya pipa umeviringishwa utando wa mrija, mwembamba sana, mwembamba kama karatasi ya kufungia peremende. Damu inatoka mkononi mwa mgonjwa, inapita ndani ya utando huo, uchafu unapenya na kuingia majini, damu inarudi mwilini. Ndiyo figo.

"Lakini pipa linazunguka na mtu hazunguki," baba alisema. "Pale bomba lake linapokutana na bomba la mtu, damu itamwagika."

"Nilisikia kule walitumia kitu fulani cha pampu ya maji ya gari. Sikijui kitu chenyewe."

"Mimi nakijua. Huo utando sasa, ndio siujui."

"Huo nadhani nitaupata," alisema Mama Daktari. "Upo kwenye soseji."

Ndiyo sababu mimi na baba tulipanda basi la kwenda Iringa. Mlowezi mmoja nje ya mji alikuwa akitengeneza soseji za kuwauzia Wazungu wenzake, na alizijaza katika ngozi za kiwandani zinazoonyesha ndani kama kioo. Mama Daktari alipiga simu. Mlowezi alikubali, halafu akaenda zake shambani akatuachia mpishi wake, Mhehe mwenye masharubu na aproni nyeupe.

"Kamwene," alitusalimu. "Mmetoka Mbeya kufuata ngozi za soseji? Bila soseji?"

"Bila soseji," baba alisema.

"Wanyakyusa bwana! Ndizi zimewachosha sasa mnataka kula karatasi."

Nilikaa chini jikoni mwake, nikachukua ngozi moja, nikafunga mwisho, nikaipuliza mpaka ikawa ndefu na ngumu, nikaizamisha katika karai la maji kutazama kama itatoa mapovu. Nikaiweka pembeni. Nikachukua nyingine. Mpishi alisimama juu yangu.

"Dada, basi lako litakuacha. Unatafuta nini humo?"

"Tundu."

"Ukilikuta?"

"Damu ya wifi yangu itamwagika kwenye maji."

Alinitazama, akamtazama baba. Halafu alifuta masharubu yake kwa aproni, akachuchumaa, akaanza kupuliza na yeye. Basi lilituacha kweli. Tulilala kwake, na asubuhi mkewe alitufungia viazi vya njiani.

Sasa inabidi niseme jambo ambalo bado linaniumiza kuliko mengine. Siku hizo zilikuwa siku za furaha kwangu. Baba alichonga mbao katika karakana ya misheni, akafungua pampu za malori mawili mabovu akatoa viungo viwili alivyovitaka, kimoja kwa kila mwisho wa pipa. Dawa ya kuzuia damu isigande ililetwa na ndege kutoka Dar es Salaam. Mimi nilipewa maji. Mama Daktari aliniambia, maji yakikosa chumvi damu itapasuka, chumvi ikizidi damu itanyauka, na hakuna mtu mwingine hapa ninayemwamini na mizani. Nilipima chumvi, soda na sukari, nikamwaga, nikapima upya. Nasikia Ulaya wanakaa meza moja daktari, fundi wa mashine na mtu wa kemia, wanashauriana jinsi ya kuunda viungo vya binadamu. Sisi tulikuwa na daktari mmoja, fundi wa mgodi, mpishi wa soseji na mwosha chupa. Kwa mara ya kwanza woga wangu ulikuwa na kazi. Nilitembea kwa haraka, nilikula vizuri, na chumba cha pili wifi alikuwa anakufa.

Tatizo likawa baba mwenyewe. Mashine ilikuwa inazungushwa kwa pedeli za baiskeli, na vile viungo vilihitaji mtu wa kuvilegeza na kuvikaza wakati damu inapita. Hakuna aliyevijua ila yeye.

"Basi ataingia," alisema Mama Daktari. "Mtu anakufa. Mungu hatazami mambo hayo."

Wifi alikuwa macho wakati huo. Midomo ilikuwa imepasuka. "Mama Daktari, asiingie."

"Utafungwa macho. Hutamwona."

"Yeye ataniona mimi. Nimelala hivi, nanuka hivi, mkono wazi." Alipumzika. "Nikipona nitarudi ua uleule. Nitakaaje?"

Mama Daktari alinigeukia mimi, kana kwamba mimi ningeweza kumtafsiria. Sikuweza. Nilimwelewa wifi kabisa, na nilitaka kumpiga. Dirishani tulisikia kikohozi cha baba, halafu hatua zake zikienda.

Hakuja kubishana. Alikwenda stoo iliyopakana na chumba kile akaanza kutoboa ukuta. Kufikia jioni palikuwa na tundu la kupitisha mtaimbo wa kuzungushia pipa na mkono wa mtu hadi begani. Pedeli zilikaa stoo, pipa likakaa chumbani limeegeshwa ukutani, na mtaimbo ukapita katikati. Kiungo cha upande wa ukutani angeweza kukifikia kwa mkono bila kutazama. Cha upande wa pili hakukifikia. Alinifundisha mimi kukikaza. Kisha aliomba kitanda kisogezwe mpaka pembe ya mbali, ambapo mtu akichungulia tunduni hakioni.

Mama Daktari alinyoosha mpira kutoka kitandani hadi kwenye pipa. Ulipita katikati ya chumba chote.

"Ni mrefu mno," alisema. "Damu itapoa njiani."

Nikasema nitaufunga kwa vitambaa vya moto na kuvibadilisha. Alikubali kwa sababu hapakuwa na jambo lingine la kukubali.

Mara ya kwanza ilikuwa asubuhi ya jua. Baba alianza kukanyaga pedeli, mtaimbo ukalia, pipa likajigeuza majini. Damu ya wifi ilitambaa kwenye mpira, ikafika kwenye ngozi za soseji, ikaanza kupanda na kushuka, duara kwa duara, nyekundu nyeusi, na kila ilipokuwa juu mwanga wa dirisha ulipita ndani yake. Mama Daktari alishika mshipa wa wifi. Mimi nilibadilisha vitambaa, nikaonja maji kwa ulimi, ingawa nilijua ulimi haupimi kitu. Ukutani tulisikia pumzi ya baba, na mara kwa mara sauti yake: "Inaendaje huko?" Nami nikijibu, "Inaenda, tata," kama tunavyomwita baba kwetu.

Kesho yake wifi aliamka akaomba uji. Uvimbe wa uso ulikuwa umepungua. Alinishika kanga.

"Mwambie fundi mashine yake inalia kama mlango wa zizi."

Nikakimbia. Baba alikuwa stoo anapaka mafuta kwenye mtaimbo. Alisikiliza, akageuza uso nisimwone.

"Mwambie nitaitia mafuta. Na aache kusikiliza kazi za watu, alale."

Mara ya pili pia ilikwenda vizuri, ingawa alitetemeka kidogo mwishoni. Baada ya hapo tulihesabu kwa matumaini. Kaka atakaporudi. Mahindi yatakapoiva. Nilianza kufikiria wagonjwa wengine ambao tungewaweka kwenye pipa lile, na jinsi nitakavyokuwa mpimaji wa maji ya figo wa Mbeya nzima. Hilo pia nalikiri.

Siku ya kuunganishwa mara ya tatu ilianza na habari njema kuliko zote. Wifi alikojoa, kiasi cha kufunika sakafu ya chombo. Mama Daktari alitoka nacho barazani amekishika kwa mikono miwili kama sahani ya komunio. Nilipomweleza baba alivua kofia.

"Zimeamka?"

"Zinaamka," alisema Mama Daktari. "Ila hazijapata nguvu. Mara moja tena, halafu tutaziachia."

Mara moja tena. Siku ile ukungu ulishuka kutoka mlima Loleza ukakaa mpaka ndani ya vyumba, na makaa hayakutosha. Vitambaa nilivyoviweka vya moto vilipoa kabla sijafika mwisho wa mpira. Niliongeza mwendo. Pipa lilizunguka muda wa kutosha, kisha nikasikia pedeli zikisita.

"Imekuwa nzito," baba alisema kutoka ukutani. "Kuna kitu kinashika. Upande wako."

Kiungo cha upande wangu kilikuwa kimeganda. Niliweka spana kama alivyonifundisha. Haikugeuka. Niliweka uzito wangu wote. Matone ya damu yakaanza kudondoka kwenye sakafu, na damu iliyokuwa kwenye pipa ikasimama, nusu ya damu ya mtu imesimama nje ya mwili wake.

"Hakigeuki, tata!"

"Zungusha kwa kushoto."

"Hakigeuki!"

Mama Daktari hakuweza kuachia mkono wa wifi. "Mwite aingie! Sasa hivi!"

Nilimtazama wifi. Alisikia kila kitu. Kwa mkono wake huru alivuta kanga taratibu mpaka ikamfunika uso wote, akainua kidole, kama mwanafunzi anayeomba ruhusa. Nilielewa kwamba amekubali.

Baba aliingia kinyumenyume. Sitasahau. Mtu mzima, shati limelowa jasho, anatembea akiutazama mlango alioingilia, na mimi nimeshika mkanda wake namwongoza: nyuma kidogo, kushoto, pipa hili hapa. Alipiga goti akiwa amekipa kitanda mgongo, akapeleka mikono nyuma na pembeni, akakipapasa kiungo, akachukua spana. Kilitoa mlio. Pipa likaachia. "Nenda ukakanyage," aliniambia, nami nikakimbilia stoo nikapanda pedeli, nikaona kupitia tundu mgongo wake tu na maji yakianza tena kuchezacheza.

Kisha nikasikia sauti ya Mama Daktari. Haikuwa kali. Alisema, "Hapana, hapana, hapana," kama mtu anayembembeleza mtoto.

Nilirudi mbio. Wifi alikuwa anatetemeka kitanda kizima, na kanga iliyokuwa usoni ilikuwa inapanda na kushuka haraka sana. Mama Daktari alikuwa anatoa mpira mkononi. Niliinama ili nimfunue apate hewa. Alishika kanga kwa vidole.

"Wifi. Ameshatoka?"

"Bado."

"Basi usinifunue."

Baba alisikia. Aliangusha spana akatoka mbio, akajigonga kwenye fremu ya mlango kwa sababu hakutaka kugeuza kichwa.

"Ametoka," nilisema. Nilipoifunua kanga macho yake yalikuwa wazi na yalinitazama, nadhani yalinitazama. Muda mfupi baadaye Mama Daktari aliniambia niache kumsugua mikono.

Alisema pengine donge la damu lilikwenda mapafuni. Pengine moyo ulichoka. Pengine baridi ya damu. Hakujua, na alikaa kwenye kiti barazani na viatu vyake vyenye damu hadi mchana, hakumwona mgonjwa mwingine. Mimi nimejiuliza yote. Nimepima tena chumvi ile kichwani zaidi ya nilivyoipima mikononi. Kama kitanda kingekuwa karibu. Kama baba angekuwa chumbani tangu mwanzo, kile kiungo angekikamata mapema. Kama wifi angekubali. Halafu namkumbuka akiuliza nitakaaje, na sijui nimkasirikie nani. Nimeandika ukurasa huu mara nyingi nikitafuta mahali ambapo kosa lilianzia, ili niweke kidole hapo. Sikupaona.

Kaka hakupatikana; simu ya upepo tuliyomtumia ilimkuta baada ya mazishi. Watu walipopita kumuaga wifi, baba alibaki nje. Mzee mmoja wa ukoo alimfuata akamwambia amwone sasa, kifo kimekwisha kufungua, hakuna tena wa kumwogopa mwenzake.

"Akiwa hai alinificha uso wake mpaka pumzi ya mwisho," baba alisema. "Leo hawezi kuuficha. Siendi."

Walimzika. Watu walikula, wakaondoka. Mimi na baba tulikaa jikoni kwa wifi, mahali ambapo baba hakuwahi kuingia. Alivitazama vyungu, mwiko, kigoda kifupi cha wifi, polepole, kama mgeni. Alikigusa kigoda kwa ncha ya kiatu, hakukikalia.

"Mwanangu," alisema. "Alikuwaje?"

Sikumwelewa kwanza. Nilidhani anauliza tabia, nikaanza kumjibu kwamba alikuwa mwema, mcheshi, kila mtu anajua.

"Hayo nayajua. Uso wake. Alikuwaje?"

Basi nikajaribu. Nilisema hakuwa mweusi sana, wala mweupe. Nilisema alikuwa na nyusi nzito, zilizokaribia kukutana, na pengo dogo mbele, upande huu. Nikasema hapana, upande huu. Nilifumba macho ili nimwone vizuri, na nilichokiona ni kanga inapanda na kushuka. Nilifumbua nikaanza upya, kutoka kwenye paji la uso, kwa utaratibu, nikijirekebisha, naye baba aliinamisha kichwa akasikiliza, na kila nilipokosea na kurudi nyuma alingoja, hakunihimiza.